Milango Miwili ya Moyo wa Mama Pasi

Wafiwa wenzangu, majirani na wote mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, tuliachiana ziwa, na nasoma karatasi hii kwa niaba ya familia, kwa masharti aliyotoa mwenyewe akiwa na akili zake timamu, kwamba nisilie kabla sijafika mwisho, wala nisimpambe kwa sifa ambazo hakuwa nazo.

Dada yetu alizaliwa tarehe 11 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa pili wa fundi wa reli na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, hesabu zilimpiga chenga, lakini sare yake ilinyooka kuliko suruali ya mwalimu mkuu.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, akipiga pasi mashuka na mashati ya wageni, hadi mwaka 1990 alipofungua duka lake la dobi kwenye kona inayotazamana na posta, na huko ndiko alikopata jina la Mama Pasi. Alifanya kazi amesimama, kiti alisema ni cha wateja.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu hapa, fundi saa, ambaye kabla ya hapo aliitwa hotelini kutengeneza saa ya ukutani, na tangu siku alipomwona dada saa ile ikawa inaharibika kila wiki, kwa nini, anajua yeye. Walijaliwa binti mwaka 1986 na mtoto wa kiume mwaka 1991.

Mwaka 2013 uso wake ulianza kuwaka ghafla, ukaiva, kisha ukarudi hali yake, nasi sote tukasema ni mvuke wa pasi, tena kwa uhakika, maana mtu anashinda juu ya pasi miaka yote hiyo, uso usiive una nini? Wengine, na mpo hapa, sitawanyooshea kidole, mlisema Mama Pasi anapiga mtungi. Tumbo nalo likawa la kuharisha, akatibiwa minyoo, akatibiwa vidonda vya tumbo, akaambiwa ni mambo ya umri. Jumapili moja ya mwaka 2016, pasi zimezimwa, amekaa kivulini nyumbani kwa binti yake, uso ukawaka vile vile, akatutazama mmoja mmoja akasema leo hakuna mvuke, haya, semeni jingine.

Asubuhi yake alikwenda hospitali, na kwa kuwa aliamini kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, alimweleza daktari habari za choo kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabenchi ya nje, shemeji akainama akajifanya anatengeneza saa yake ya mkononi. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye utumbo mwembamba, umekwisha kusambaa kwenye ini, nao ulikuwa unamwaga homoni katika damu, ndizo zilizouwasha uso, ndizo zilizoliharibu tumbo, na ndizo zilizokakamaza milango miwili ya upande wa kulia wa moyo, ile inayoitwa vali, ikawa haifungi sawasawa. Miguu ilivimba, tumbo likajaa maji, na mwanamke yule tuliyemjua akashindwa kusimama.

Madaktari waligawanyika, wapo walioona si busara kumpasua moyo mtu mwenye uvimbe usioondoka. Mjomba wetu naye alisema aachwe apumzike, dada akamjibu kwamba kama mjomba amekata tamaa, basi akate ya kwake. Yeye aliuliza jambo moja tu, kipi kitamuua kwanza, na daktari wa moyo, Mungu ambariki, hakumung'unya maneno, alimwambia uvimbe unatambaa, moyo ndio unaokimbilia kaburini. Dada akasema basi waanze na huo unaokimbia, maana hakukusudia kufa ameketi.

Alichomwa sindano za kupunguza homoni kwa miezi kadhaa, na tarehe 17 Mei 2017 alipasuliwa, dawa hiyo ikiendelea kutiririka mshipani, kwa sababu ilihofiwa homoni zingefumuka akiwa usingizini, akawekewa vali mbili mpya. Tuliogopa jamani, mimi niliogopa mno. Septemba alirudi dukani, akamtoa binti yake kwenye meza ya pasi aliyokuwa amemshikia, akapiga pasi koti jeupe la daktari wa moyo bila malipo, kisha akamkaripia kwa kuvaa kola chafu mbele ya wagonjwa.

Alifanya kazi hadi Aprili 2022, ini lilipozidiwa. Wiki ya mwisho daktari yule alikuja kumpima nyumbani, akamwambia vali zinafunguka na kufunga vizuri, dada akasema niliwaambia. Alifariki tarehe 9 Juni 2022, saa tisa alasiri, kitandani kwake, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe. Aliniagiza niyasome haya kwa sauti, kwamba mtu asitoke hapa akieneza kuwa moyo ulimshinda, lililochoka ni ini, moyo ulikuwa mzima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale waliobishana kwa ajili yake, wenzake wa dukani walioshika kazi asipokuwepo, na majirani wote, hata wale wa mtungi, kwani mliposikia anaumwa mlikuja, mkafua, mkapika, mkakesha.

Dada, ulitaka usimame, ukasimama, na tulikuona. Sasa hakuna anayekudai kusimama tena, jinyooshe, pumzika kwa amani.