Taa Iliyo Ndani ya Bomba

Kijiwe chao kilikuwa benchi refu lililoegemea ukuta wa duka la kinyozi, na asubuhi ile Kinyozi mwenyewe alikuwa amekaa mwishoni, kikombe mkononi, roho kwatu. Mkewe alikuwa mjamzito, mimba yao ya kwanza baada ya kungoja mpaka ndugu wakachoka kuuliza. Maji ya bomba yalikuwa yakimsumbua tumbo, basi jana yake fundi bomba, ambaye wote humwita Presha, akawafungia jikoni taa ya kusafisha maji. Kinyozi akaja kujisifu. Kosa lake ni kujisifu mbele ya Mheshimiwa, karani mstaafu mwenye methali kwa kila jambo, ingawa mara chache ilikuwa ya jambo lenyewe.

— Taa inasafishaje maji? Mheshimiwa akauliza. Haina chujio, haina dawa. Inayatazama tu?

— Jua lina mwanga ambao jicho haliuoni, Presha akasema, ule unaobabua ngozi. Taa inatoa huohuo, na maji yanapita kando yake.

— Basi vijidudu vinaungua, Mheshimiwa akakata.

— Wapi. Maji yanatoka baridi vilevile.

— Vinapofuka, akasema dada aliyewauzia kahawa, akimimina. Vikishapofuka havioni njia ya tumboni.

— Vinaona haya, Mheshimiwa akamsahihisha. Kijidudu kimezoea giza la bomba. Ukikimulika ghafla, kiko uchi, kinakufa kwa fedheha. Ndiyo maana wahenga wakasema kikulacho ki nguoni mwako.

— Hao walikuwa wanamsema chawa, mzee, Kinyozi akacheka.

Presha akaweka kikombe chini.

— Nilivyoelezwa mimi, mwanga unakiingia ndani, unaharibu kile kinachokiwezesha kuzaana. Kikifika tumboni, kinabaki peke yake. Na ugonjwa hauji na mmoja, unataka ukoo mzima.

— Yaani kinakuwa tasa, Mheshimiwa akasema.

— Tasa kabisa.

Kinyozi akaacha kunywa.

— Sasa hapo, Mheshimiwa akasema polepole, mwanga wa kuleta utasa umo majini. Maji yamo kwenye glasi. Glasi iko mdomoni mwa nani? Mdharau mwiba, mguu huota tende.

— Haumo majini, mzee. Unapita tu.

— Unapita unakwenda wapi?

Presha akakuna kichwa. Hilo hakuwahi kumwuliza aliyemweleza.

— Mimi jirani yangu alimwekea kuku taa, dada wa kahawa akasema. Hajataga mpaka leo.

— Kuku yule ni jogoo, Presha akamjibu, lakini Kinyozi hakuwa akisikia tena. Alikuwa anamwona mkewe asubuhi, akinywa glasi ya maji, akiongeza ya pili. Akasema anakwenda nyumbani kufunga dirisha. Akavuka njia, akaingia jikoni kwa kunyata huku mkewe akianika nguo uani, akaichomoa taa. Aliporudi kijiweni, kahawa haikuwa na ladha.

Haukupita muda mkewe akaja, jagi la maji mkono mmoja, mkono mwingine kiunoni.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Keti.

Akaketi, akamgeukia mumewe.

— Nimekinga maji ndipo nikaona taa imezimika. Nani kaichomoa?

Kinyozi akaangalia ndala zake. Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, mpaka habari ya kuku. Mkewe hakucheka.

— Naomba niulize, akasema. Ukizima taa chumbani, ule mwanga wake unabaki wapi?

Presha akachungulia kikombe chake. Dada wa kahawa akafuta birika lililokuwa safi. Mwanamke akawangoja kwa adabu, kama mtu anavyowangoja wakubwa.

Kinyozi akanyanyuka, akachukua jagi.

— Nakwenda kuichomeka.

— Hayo yamwage. Na yaache yatiririke kidogo kwanza.

Akayamwaga kando ya njia. Jikoni akachomeka taa, akafungua koki, akangoja, kisha akakinga. Akanywa yeye kwanza, palepale, glasi nzima. Moyo ukatulia.

Akarudi na jagi na glasi, akammiminia mkewe. Mwanamke akanywa yote, akafuta midomo, akamsogezea mzee glasi iliyojazwa upya. Mheshimiwa akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua juani, akachungulia ndani yake upande huu na upande ule. Hakuona kitu. Akanywa.