Chupa Isiyo na Lebo

Monica: Haloo? Ni nani mwenzangu? Simu ni ya mama mkwe, mimi ni Monica.

Hildegarda: Ndiye ninayemtaka. Bwana asifiwe, Mama Imelda. Ni Hildegarda, matroni wa kambi ya watoto huku Mikumi.

Monica: Amina, dada. Imelda kafanyaje? Anaumwa?

Hildegarda: Haumwi, yupo hapa kasimama mlangoni kama askari. Mbona unakatakata—

Monica: Mtandao wa Kidete huu. Unashika kwenye benchi la duka tu. Nikisogea kidogo, umekwenda.

Hildegarda: Basi usisogee. Sikia, sheria zetu unazijua. Simu haziingii, rasta hazisukwi, jua likizama hakuna kutoka nje ya uzio, maana tembo wanapita nyuma ya bweni kufuata migomba ya watu—

Monica: Katoka nje?

Hildegarda: Angetoka ningekuwa nakupigia nikiwa nimekaa? Ni dawa. Dawa zote nazifungia mimi kwenye sanduku, na mtoto hanywi mpaka mzazi aseme ni za nini. Mwaka jana mmoja aliwagawia wenzake kama pipi, nusura tuzike. Sasa begi la Imelda limetoa chupa. Lebo imebanduliwa.

Monica: Ni vitamini hizo.

Hildegarda: Afadhali. Basi zitakaa sandukuni mpaka Jumapili mkija kuwachukua. Huku wanakula maharage na mchicha, vitamini hazi—

Monica: Hapana, dada. Anatakiwa anywe kila siku. Hata leo.

Hildegarda: Vitamini gani hizo za lazima?

Monica: Za... ana kifua.

Hildegarda: Kifua? Mbona hukusema? Mwenye dawa za kifua halali na wenzake mpaka apimwe. Itabidi nimtoe bwenini sasa hivi.

Monica: Si kifua hicho.

Hildegarda: Kipi sasa?

Monica: [pembeni] Hapana, mama, ni kambini. Hajambo, anakusalimu.

Hildegarda: Unaongea na nani?

Monica: Mama mkwe. Nimekaa naye hapa, anasubiri simu ya shemeji Casmir. Na leo benchi limejaa.

Hildegarda: Mpe shikamoo yangu. Yeye na mama yangu si ndio sauti ya kwanza kule kwenye kwaya—

Monica: Ndiyo. Najua. Hilda, mpe tu mtoto dawa yake. Nakuomba.

Hildegarda: Nitampaje nisichokijua? Akizidiwa nimwambie nini Mwalimu Obed, mkuu wetu wa kambi? Sheria ni msumeno, dada, na mimi mwenyewe unanikata.

Monica: Sema ni zile za... za kuanguka.

Hildegarda: Kifafa?

Monica: [pembeni] Hakuna aliyeanguka, mama. Mtoto wa watu huko. [kwa sauti ya chini] Eh, hicho.

Hildegarda: Mwenye kifafa kesho hapandi gari la mbugani. Na huyu toka afike habari yake ni twiga. Vitamini, kifua, sasa kifafa. Njia ya mwongo fupi, Mama Imelda, na wewe ya kwako umeimaliza.

Monica: Nimeimaliza. Nimebanwa, Hilda. Naogopa.

Hildegarda: Basi tuma meseji.

Monica: Kwa simu hii? Meseji zake anasomewa na mwenye duka.

Hildegarda: Sogea hata nyuma ya duka.

Monica: Nikisogea mtandao unakufa.

Hildegarda: [mkwaruzo] ...unanificha mimi, niliyesoma nawe?

Monica: [kwa sauti ya chini] Ninapokaa unapajua ni kwa nani. Na yaliyosemwa matangani unayajua.

Hildegarda: Alipozikwa baba Imelda? Kwamba wewe ndiye uliyemletea ule ugonjwa?

Monica: Umeyasikia wapi?

Hildegarda: Mama alinisimu—

Monica: Umeona. Yanavyosafiri.

Hildegarda: Mama Imelda. Kwa hiyo hizi... Ngoja. Mtoto ananivuta gauni, anataka simu. Imelda, dakika moja tu, ndiyo sheria.

Imelda: Mama, shikamoo.

Monica: Marahaba, mwanangu.

Imelda: Bibi yupo hapo?

Monica: Yupo.

Imelda: Basi usiseme kitu. Nimefunga mlango, tupo wawili tu na matroni, na simu iko kwenye spika. Mimi nitasema, wewe itikia ndiyo.

Monica: Imelda, wewe hujui—

Imelda: Ni zile tunazofuata Kilosa, ukimwambia bibi tunakwenda kupima macho.

Monica: ...Ndiyo.

Imelda: Ndizo alizokataa baba.

Monica: Imelda...

Imelda: Mama, matroni anasema salio linakwisha.

Monica: Ndiyo.

Imelda: Ni za siku zote, haziachwi.

Monica: Ndiyo. Nani kakwambia?

Imelda: Hakuna. Nesi alikuja shuleni kutufundisha habari za virusi, akainua chupa kama yangu. Ya kwake ilikuwa na lebo.

Monica: Lini hiyo?

Imelda: Nikiwa darasa la nne.

Monica: Muda wote huo? Mbona hukuniambia?

Imelda: Ulikuwa hutaki nijue.

Hildegarda: Nimesikia, Mama Imelda. Atazinywea chumbani kwangu, wenzake wakiwa kwenye nyimbo. Mwalimu Obed nitamwambia mzazi kathibitisha.

Monica: Na mama yako?

Hildegarda: Mama yangu hayupo kambini. Hayamhusu. Nisamehe kwa nilivyokukamua.

Monica: Asante, Hilda. [pembeni] Silii, mama. Moshi wa maandazi huu.

Imelda: Mama, bado upo?

Monica: Nipo, mwanangu.

Imelda: Dawa zako usizitafute chini ya godoro. Asubuhi kabla sijapanda gari nilimkuta bibi anapekua chumbani kwetu. Nilimwahi.

Monica: Alizi—

Imelda: Hakuziona. Nimezihamisha, sikupata nafasi ya kukwambia, alikuwa anatufuata mpaka barabarani. Zipo kwenye—

Monica: Haloo?

Imelda: [mkwaruzo] ...lile la...

Monica: Lile la nini? Imelda? Haloo? Haloo? ... [pembeni] Hakuna kitu, mama. Salio lao limekwisha. Ndiyo, simu yako hii hapa.