Mzee Hebu Anaacha Ufunguo wa Riesling

Tarehe thelathini mwezi huu, mtunza stoo ya mvinyo wa hoteli yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja kazini. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi hatulijui. Kwetu ni Mzee Hebu. Hebu fungua mkono. Hebu nione mfukoni. Hebu rudi ulikotoka. Mimi ni mkuu wa wahudumu, nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, na hajawahi kunisalimia bila kwanza kunikagua mikono.

Alianza kama msaidizi wa mtunza stoo wa zamani, akamrithi, akarithi na wasiwasi wake wote. Alishuku mwanga, akang'oa balbu zote akabakiza moja. Alishuku mashine za kufulia zilizokuwa nyuma ya ukuta kwamba zinatikisa chupa zake, akamganda meneja mpaka zikahamishwa. Dobi wetu hajamsamehe hadi leo.

Mpenzi wake hasa ni Riesling, mvinyo mweupe ambao watu huunywa haraka haraka bila kujua wanachokosa. Uchachu wake ndio unaoutunza. Ukilazwa kwenye giza na ubaridi, kizibo kikabaki kimelowa, unaweza kukaa hata miaka ishirini: rangi inakolea kama asali, na harufu ya ndimu inapisha kitu kinachofanana, amini usiamini, na mafuta ya taa.

Hayo mafuta ya taa yalizua kizaazaa mwaka wangu wa kwanza. Nilinusa chupa ya zamani, nikakimbia kwa meneja kumwambia kuwa mtu wa stoo anaficha mafuta ya jenereta kule chini. Tulipekua kila kona, fundi wa jenereta naye akikodoa macho. Mzee Hebu alikunja mikono tu. Tulipochoka akanimiminia kidogo: "Hebu onja." Nikaonja: harufu ni ileile ya mafuta ya taa, lakini ni mvinyo mtupu. Tangu siku hiyo akawa ananichunga kuliko wote, eti mwenye pua kama yangu si wa kuachwa peke yake na chupa.

Mezani napo alikuwa moto. Ole wake mhudumu aliyezamisha Riesling ya zamani kwenye barafu, maana baridi kali huifunga harufu. Mgeni mmoja aliona chembe zinazometameta chini ya chupa, akapiga kelele kwamba tumemwekea vioo. Zilikuwa chembe za uchachu wa zabibu wenyewe, na ndiyo sababu chupa husimamishwa siku nzima kabla ya kumiminwa. Mzee Hebu akaitwa. Alizimwaga kiganjani, akazitafuna huku amemkazia macho.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana, alipopona mafua makali, alianza kuniita stoo. Ananipa bilauri: "Dada, hebu nusa. Unasikia harufu gani?" Mimi tena! Nikajua ni mtego, meneja anatafuta anayekunywa kwa siri. Nikawa najibu kwa tahadhari, "Harufu ya mvinyo, Mzee," naye anasonya.

Siku moja mchana akafungua chupa ambayo mteja wetu wa siku nyingi aliilaza hapa mwaka aliooa. Aliweka pua, akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali: ipelekwe mezani. Mimi nilisikia harufu ya kadibodi iliyoloa kabla sijaishika bilauri. Kizibo kilikuwa kimeuharibu mvinyo wote. Nilimtazama nikaona hakuna mtego wowote. "Mzee, huu umeharibika." Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo.

Akakaa juu ya kreti. Tangu yale mafua, alisema, hasikii harufu yoyote, hata ya sabuni. Alikuwa ananiita ili nimsaidie kujua, na aibu ikamzuia kusema. Tulifungua chupa nyingine ya mwaka uleule, nikainusa mimi, ikawa nzima, mteja na mkewe wakafurahi. Mimi nilienda kulia jikoni.

Hakuna aliyemfukuza. Meneja alimsihi amalizie miaka miwili iliyobaki, akakataa, akisema mtunza stoo anayekisia ni hatari kuliko mwizi. Haya yote ameniruhusu niyaandike, baada ya kuyasoma mara nne akitafuta nilichoficha. Jana amenikabidhi ufunguo, kisha akarudi kujaribu kitasa.

Mzee, jikoni, mapokezi na hata dobi tunakushukuru kwa dhati. Ukapumzike vyema, na mama nyumbani umwache apike bila kukaguliwa. Zile Riesling ulizozilaza mwaka jana zitakuwa tayari baada ya miaka kumi hivi. Siku hiyo uje, ukae kitini kama mgeni. Nitazinusa mimi, nitakueleza harufu moja baada ya nyingine, na wewe, tafadhali, uniamini.