Kauri Iliyokataliwa na Dada Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa taasisi hii ya utafiti, daktari bingwa wetu wa mifupa, ndugu watafiti na mafundi wa tanuri, wageni waalikwa, na ninyi wanangu, watoto wa dada yangu, mliojibanza kule mlangoni kana kwamba hamumjui anayeagwa leo kwa kustaafu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya familia. Walionitangulia wamemwita dada yangu mtafiti, wamemwita mlezi wa watafiti, na fundi aliyemaliza kusema sasa hivi amemwita Mama Tanuri, jina ambalo sisi nyumbani hatukuwahi kuambiwa. Mimi namwita Dada. Nilikuwa mwalimu wa shule, kazi inayomzoeza mtu kupaza sauti na kumaliza kabla ya kengele, kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Nitaeleza jambo moja tu. Hotuba za leo zimetaja mafanikio mengi, na hili halijatajwa.

Wengi wenu mnaijua kauri kuliko mimi. Kwa wageni wenzangu niseme kwamba si udongo wa mfinyanzi, ingawa ni ndugu yake. Ni unga mweupe, laini kama poda ya mtoto, unaoshindiliwa ndani ya kalibu na kuchomwa mpaka chembe zake zishikamane, ukawa kitu kigumu kuliko chuma. Kwa kauri ya namna hiyo taasisi hii ilitaka kutengeneza kiungo cha nyonga, ule mpira wa mfupa unaozunguka kila tunapopiga hatua. Na kwa kuwa unga huo unaweza kuchanganywa kwa namna zisizohesabika, na maisha ya mtafiti yana mwisho, palikuwa na mtaalamu wa kompyuta, yule ambaye wenzake humwita Bwana Chembe. Kazi yake ilikuwa kupanga chembe moja moja ndani ya mashine, kuzibana, kuzipasha moto na kuuliza ni mchanganyiko upi utavunjika, kabla unga wowote haujaingia tanurini. Yupo pale, mwenye miwani, anajifanya anasoma ratiba.

Mashine ikachagua mchanganyiko mmoja. Dada akauchoma. Kauri ikatoka nyeupe kama jino, ikabanwa, ikagongwa, haikupasuka.

Wakati huohuo nyonga yangu ya kushoto ilikuwa inakufa. Silitumii neno hilo kutafuta huruma. Ndivyo daktari alivyonieleza, kwamba mfupa umekosa damu na unakufa. Nilikuwa naandika ubaoni kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ukuta. Daktari huyu mnayemwona hapa mbele akanichagua niwe miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kuwekewa kauri mpya. Je, mnaweza kukisia furaha iliyokuwa nyumbani kwetu? Dada ametengeneza, mdogo wake atatembea.

Ndipo Dada akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alichukua vipande vya ile kauri akavifungia ndani ya pipa dogo la mvuke, akaviacha humo muda mrefu, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, mwili wa binadamu ni mahali penye majimaji, na hakuna aliyekuwa ameiuliza kauri kama inayapenda maji. Alipovitoa alivipitishia kidole. Uso uliokuwa laini kama kioo ulikuwa na chengachenga. Maji yalikuwa yameanza kupenya baina ya chembe na kuzisukuma.

Akamwendea Bwana Chembe. Yeye alizikagua hesabu zake zote, hakuona kosa, akamjibu neno ambalo naambiwa bado linazungumzwa katika korido hizi: "Uliniuliza kitu kikavu, nikakujibu kikavu." Kwa muda hawakusemezana zaidi ya salamu.

Kikao kikaitishwa. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye ameshastaafu, alikuwa amekwisha kualika wageni waje kutangaziwa habari njema. Akasema kwamba mvuke ule ni mkali kuliko mwili wa mtu yeyote, na hapo hakukosea. Mjumbe mwingine akasema, kwa upole kabisa, kwamba pengine mtafiti wetu ana hofu kwa kuwa mdogo wake ni mmoja wa wagonjwa, na damu ikiingia kazini vipimo huharibika. Dada hakubishana naye. Aliomba jina langu lifutwe palepale, akatia saini kwamba hakuna ndugu yake yeyote atakayewekewa kauri ya majaribio itakayotoka katika tanuri lake. Kisha akasema, "Sasa mdogo wangu hayumo. Bado nasema tusimwekee mtu."

Waheshimiwa, kazi ikasimama. Wageni wakaombwa wasije. Nami nikawa nimetolewa, si katika kauri ile mbovu peke yake, bali hata katika iliyo njema ambayo ingekuja baadaye.

Alikuja kuniambia mwenyewe, jioni ileile. Nilikuwa sebuleni, mguu juu ya kigoda, nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakukaa mpaka alipomaliza kueleza. Nikamuuliza, "Kwa hiyo nitakuwa hivi mpaka lini?"

Akasema, "Sijui."

Tangu tukiwa wadogo yeye ndiye aliyejua duka gani lina mkate na mama amekasirikia nini. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akavuta kiti, akachukua nusu ya madaftari, tukasahihisha pamoja. Wanafunzi wangu aliwanyima alama bila huruma hata kidogo, na kesho yake nililazimika kuyarudia yote.

Baada ya hapo ilikuja miaka migumu, na nani kati yenu aliyekuwapo anaweza kusema ilikuwa miepesi? Bwana Chembe, alipopoa, akaanza upya, safari hii akiyaingiza maji ndani ya hesabu zake, na mashine iliyozoea kujibu upesi ikawa inajikokota. Naye akawa anakuja kwetu mara kwa mara, wanabishana na Dada mezani mpaka chai inapoa. Kompyuta ilipendekeza wachanganye unga wa aina ya pili, ili chembe za huu zizibane chembe za ule, maji yasipate pa kuzisukumia. Dada akachoma, ikapasuka. Akapunguza moto, ikatoka legevu. Akarudi kwa Bwana Chembe, Bwana Chembe akarudi kwenye mashine. Hawakuwa tena mtu wa tanuri na mtu wa kompyuta. Kila mmoja alikuwa amejifunza kuuliza swali la mwenzake.

Mimi nilifundisha nimekaa, kisha nikahamishiwa maktaba, kisha nikaacha kazi. Mwishowe daktari akaniwekea kiungo cha chuma, alichokuwa akikiahirisha kwa kuwa huchakaa mapema, nami nashukuru, kinanibeba. Ila ngazi ya jukwaa hili mmeona nilivyoipanda. Watu wameniuliza, wengine mbele yake, kama nina kinyongo. Ipo miaka niliyokuwa nacho. Mtu akiumwa mguu usiku na mchana hafikirii utafiti.

Kauri mpya ilipotoka kwenye mvuke ikiwa laini kama ilivyoingia, wa kwanza kuwekewa alikuwa fundi cherehani, mama mmoja aliyeshindwa hata kukanyaga pedali. Amekubali nimtaje, ndiye huyo mwenye kitambaa cha bluu, safu ya pili. Siku ya kusimamishwa kwake nilikuwapo, nimekaa kwenye benchi la korido ya hospitali na fimbo yangu. Mlango ukafunguliwa. Akatoka ameshikwa na wauguzi, kisha wakamwachia. Akapiga hatua, akatulia, akapiga nyingine. Daktari, wauguzi, Bwana Chembe, wote walikuwa wameinamisha vichwa wanaangalia miguu ya yule mama.

Dada yangu peke yake hakuwa anaiangalia. Alikuwa amesimama ng'ambo ya korido, mikono ndani ya mifuko ya koti, ananiangalia mimi.

Nilijua maana yake. Nikamwambia, "Mwangalie yeye, Dada. Mimi utaniona nyumbani."

Ndipo akageuka, akaangalia.

Nawashukuru, Mheshimiwa na ndugu zangu nyote, kwa masikio yenu na kwa miaka mliyokaa naye. Sasa mrudisheni kwetu.