Kiti cha Ukurasa wa Kumi na Moja

Kijiwe chetu kiko Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika katika mji wa Kichina, nje ya ofisi ya kago ya Humphrey, na ukipita pale mchana wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou utatukuta wote tuna hasira. Kwa kawaida tunakasirikia viwanda vinavyotushonea saizi za watoto, au laobani, yaani mwenye duka, aliyekuambia "mei you", hakuna, huku mzigo wako anamfungia mteja mwingine mbele ya macho yako. Siku ninayoisema, Oktoba 2006, tulikasirikia kiti. Kiti chenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona, lakini hasira haina haja ya kuona.

Aliyetuletea habari ni Gaudiosa, mtoto wa Bukoba, mwaka wa nne wa uhandisi wa maji kwa skolashipu. Si mtu wa vijiweni. Alikaa karibu na Ameir, Mzanzibari anayesomea udaktari wa uchumi na kutembea na chupa ya kahawa ya tangawizi kila aendako, akamkabidhi kijitabu bila hata salamu. Hapo tukajua kuna jambo.

Chuo chao kilikuwa kimechagua wanafunzi kumi kwenda mwezi mmoja Ujerumani, kwenye mji mdogo uitwao Hollersbrück, na Gaudi alikuwa mmojawapo. Huko kuna profesa wa maji ambaye mwaka juzi alikutana na wageni kama hao na wawili akawachukua moja kwa moja kwa masomo ya udaktari. Gaudi aliisubiri nafasi hiyo miaka miwili. Fomu ilitakiwa irudi chuoni na saini yake kabla ya saa kumi na moja jioni hiyohiyo.

— Sasa mwanangu, umepata halafu umenuna? aliuliza Ameir. Hebu mie nisome.

Akatusomea kwa Kiswahili. Kijitabu kilieleza historia na utamaduni wa mji kwa wanafunzi wageni, kurasa kumi na sita, picha za rangi. Mji una ukuta wa mawe wa tangu zamani sana. Alikuwepo mwoka mikate aliyewalisha maadui mikate ya moto mpaka wakasinzia, mji ukapona, na mpaka leo anafanyiwa sikukuu. Jumapili mtu hapigi msumari. Taka zinatengwa kwenye ndoo nne. Tulikuwa tunacheka vizuri tu, na Humphrey akasema yeye hata mke hajamfundisha kutumia ndoo moja.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na picha ya kigoda cha miguu mitatu, kimekaliwa mpaka kinang'aa. Chini yake waliandika kwamba ni kiti cha chifu wa magharibi mwa Ziwa Viktoria, zawadi kwa Kapteni, mwana wa mji. Habari za Kapteni zilijaa: nyumba aliyozaliwa, mkewe, mpaka mbwa wake Hasso aliyezikwa kwenye bustani ya makumbusho na jiwe lake la kaburi. Habari za aliyetoa zawadi hazikuwepo hata mstari mmoja.

— Zawadi, alisema Gaudi. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake. Vitu vya ikulu vilibebwa na askari wa Wajerumani mchana kweupe, na watu wakaamriwa kuimba.

Akatuonyesha ratiba. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mwanafunzi kutoka Afrika atasimama kando ya kiti, atatoa shukrani dakika tano, atapigwa picha ya gazeti. Kusaini fomu ni kukubali ratiba yote.

Wa kwanza kulipuka alikuwa Yohane, ambaye tunamwita Balozi kwa sababu huisemea Tanzania nzima bila kutumwa na mtu.

— Usisaini. Mtu hapigi picha na mali ya wizi huku anacheka.

— Na udaktari nitausomea wapi, Balozi? Hapa benchini?

Balozi akasema dunia ina vyuo vingi. Gaudi akamuuliza avitaje vitatu vilivyomwita. Balozi akaomba kahawa.

Nikasema na mimi nina la kusema. Nikasema ningekuwa mimi ningekwenda, zile dakika tano ningewatukana kwa Kihaya, wapige makofi. Nilikuwa nimekasirika kweli, maana mbwa ana jiwe la kaburi na babu zetu hawana hata mstari. Gaudi akaniambia mimi ni Mnyamwezi, Kihaya nitakitoa wapi.

Humphrey ndiye aliyegeuza maneno kuwa kazi. Tunamwita Sibiemu, yaani mita moja ya ujazo, maana kila kitu duniani anakipima kwa ujazo wa kontena; hata alipomwona bibi harusi wake mara ya kwanza alisema anaingia vizuri. Aliisogeza picha karibu na macho.

— Hiki hakifiki hata robo ya sibiemu moja. Kinakaa katikati ya viti vya plastiki, hakuna mtu atakijua. Kikishafika hapa kinaingia bandari ya Huangpu, kinatoka Huangpu, siku ishirini na tano kiko Dar.

— Na wale watakubali kikitoka? aliuliza Ameir.

Hapo akaingia Jonas, Mkenya anayenunua fanicha Foshan.

— Buda, si lazima wajue. Nipe hiyo picha tu. Kuna laobani wangu anatoa kopi siku tatu, na mikwaruzo yote, hata ile alama ya makalio. Siste anaenda nayo, anabadilisha, anarudi na ya ukweli. Kwisha.

Balozi akapata nguvu upya. Kwa nini kopi moja? Zitengenezwe elfu moja, zimwagwe Ulaya nzima, kila makumbusho yapate chake, mpaka Wajerumani wenyewe wasijue kipi ni kipi, waombe msamaha kwa kuchanganyikiwa. Jonas akasema kwa oda ya elfu moja laobani anaongeza mito bure. Tulikuwa tunagonga benchi kwa viganja. Humphrey alishaingia ofisini na kutoka na fomu ya mzigo, kalamu mkononi, anajaza kwa hasira kama vile meli inangoja. Bidhaa: kiti cha mbao, kimoja. Mtumaji: makumbusho. Gaudi peke yake alikuwa anaangalia saa.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja na begi lake, ametoka uwanja wa ndege wa Baiyun asubuhi ile, safari yake ya kwanza. Alijitambulisha kuwa ni Melania wa Singida, amekuja kuuliza habari za nguo za watoto. Humphrey alimwomba asubiri kidogo. Akasubiri, macho yake kwenye ile fomu.

— Samahani kaka. Hapa pa mpokeaji mbona peupe?

— Tutajaza.

— Najua. Nauliza kikifika bandarini, nani anakuja kukichukua?

Balozi akasema andika serikali. Ameir akamwambia serikali itakiweka kwenye makumbusho mengine, kijitabu kingine. Jonas akasema andika chifu. Nikasema uchifu ulifutwa tukiwa hatujazaliwa. Basi andika ukoo wake, akasema Humphrey, kalamu juu, na sote tukamgeukia Gaudiosa.

— Ukoo gani? aliuliza Humphrey taratibu.

Kule magharibi mwa ziwa walikuwa na wakama wengi, yaani wafalme, kila mmoja na watu wake. Bibi alimwambia Gaudi kuhusu nyimbo. Hakumwambia kiti kilikuwa cha nani, na bibi amekufa.

— Sijui, alisema. Na huko kwetu sijui kama kuna aliyebaki anayejua.

Mama Melania akaomba radhi, akasema hakukusudia kitu.

Gaudi akaichukua kalamu mkononi mwa Humphrey na kusaini fomu yake ya chuo, saini imekwaruza karatasi. Nilimuuliza, kwa ukali zaidi ya nilivyotaka, atawashukuru kwa lipi.

— Siendi kushukuru. Siku wanakichukua kuna mtu aliandika daftarini kilitoka kwa nani. Watafungua hilo daftari mbele ya huyo mpiga picha, wanisomee jina.

— Na kama hawakuandika? nilimuuliza.

Alishasimama. Alikimbilia metro na fomu yake ili aiwahi saa kumi na moja. Sisi tulibaki palepale na hasira yetu ileile, ila hatukujua tena wa kumpelekea.