Risala ya Wapangaji Kuhusu Printa na Magunia ya Katriji Chini ya Ngazi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni iliyotupatia printa; mwenyekiti wetu; wazee wetu mlioketi mbele; majirani, na watoto mliojaa ngazini:

Karibu uani kwetu. Viti vimetoka kila mlango, ndiyo maana havifanani. Ulichokalia wewe ni cha Bibi wa chumba cha chini, na akikukodolea macho usijali, hana kawaida ya kukiazimisha.

TULIKOTOKA

Sisi ni wazazi na walezi wa jengo hili. Shule za watoto wetu hutuma kazi za nyumbani kwa simu, kisha huzitaka kesho yake zikiwa kwenye karatasi. Zamani watoto walivuka barabara kuu kwenda kuchapisha steshenari. Mwaka juzi binti wa fundi cherehani alikuwa anarudi na karatasi zake kwapani, pikipiki ikamgonga. Tunamshukuru Mungu alipona, ila mguu wa kushoto haukurudi kuwa ulivyokuwa. Siku aliyotoka hospitali tulikubaliana hapa hapa uani kwamba hakuna mtoto wa jengo hili atakayevuka tena barabara ile kwa ajili ya karatasi. Wewe ukasikia habari zetu, ukatuletea printa. Vigelegele tulivyopiga siku ile vilikuwa vya kweli.

MAFANIKIO

Printa iliwekwa sebuleni kwa Bibi, kwa kuwa yeye hashindi nje na hana upendeleo. Chini ya usimamizi wake watoto wamejifunza kupanga foleni, kufuta miguu mlangoni na kuchapa pande zote mbili za karatasi. Ameamuru tuchape kwa wino hafifu, na anayetaka herufi nzito huulizwa anamwandikia nani. Hayo ndiyo mafanikio. Tulitamani yawe mengi zaidi, tumeyatafuta hatukuyaona.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uvumilivu wako, maana wa kwetu umekwisha.

Katriji zilizokuja na printa ziliisha hata hatujazoea kelele zake. Dukani tulipotajiwa bei ya seti nzima tulidhani muuzaji anatuuzia printa nyingine. Tukachanga, tukanunua nyeusi peke yake, kwa kuwa kazi za shule ni nyeusi. Printa ikagoma. Ilidai ya njano imekwisha. Njano ya nini, mgeni rasmi? Tangu tuipate hatujawahi kuchapa kitu cha njano.

Muuguzi wa ghorofa ya tatu akajitolea kuzijaza kwa bomba la sindano. Alizijaza kama anavyofanya kazini: akavaa glavu, akatoa hewa kwenye bomba, akachoma taratibu, na mwisho, kwa mazoea, akaziba kila tundu kwa plasta. Kumbe pasipoingia hewa wino hautoki. Tulipobandua plasta wino ukatoka wote kwa pamoja, juu ya kitambaa cha meza cha Bibi. Tukajaza upya. Safari hii kila kitu kilikuwa sawa, ila ndani ya katriji mna kichipu kinachohesabu, na kikishaamua kuwa wino umekwisha, basi umekwisha, hata kama unatuchuruzika viganjani.

Sasa tuna desturi mpya. Kila apitaye sebuleni huchomoa katriji, huitikisa karibu na sikio, kisha huirudisha. Mwenyekiti huitikisa, na Bibi huitikisa huku akiisema. Printa hutoa karatasi mbili, halafu hununa tena.

Katriji zilizo tupu tumezitunza, kwa sababu ulituahidi kwamba gari lenu litazipitia. Zimo kwenye magunia chini ya ngazi, zimevuja hadi ukuta umegeuka zambarau. Gari la taka linazikataa. Tulipopiga simu ofisini kwako, kijana mmoja mwenye adabu sana alituambia tuzilete wenyewe, kila moja ndani ya boksi lake la awali. Tulimuuliza kama yeye kwake hutunza maboksi. Akatuwekea muziki.

MAOMBI

Zawadi iliyofunikwa pale mezani tumeiona. Kitambaa ni kifupi, na picha iliyo ubavuni mwa boksi tunaifahamu vizuri. Tunakushukuru kwa moyo wote, na kwa moyo huo huo tunakuomba urudi nayo. Mdomo mmoja wa kulisha umetushinda, wa pili tutaupa nini? Tupatie badala yake printa yenye matangi, inayojazwa wino wa chupa, au ile ya unga mweusi mtupu, hata kama imeshatumika ofisini kwako. Wino tutajinunulia. Magunia nayo vijana wetu watakupakilia garini leo, bila maboksi.

NYONGEZA

Sehemu hii imeandikwa kwa kalamu, kwa kuwa imetokea asubuhi ya leo. Tulitaka kuchapa risala hii kwa printa yako, kwa heshima yako. Ikawasha taa nyekundu. Tukaizunguka wote, muuguzi na bomba lake, mwenyekiti na kitabu cha maelekezo, kila mtu na ushauri wake, na hakuna aliyeona kwamba flashi yenye risala imeondoka mezani. Tulipoinua vichwa, binti wa fundi alikuwa anaingia getini akichechemea, karatasi hizi zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mama yake alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Tukamuuliza binti nani amemtuma.

"Hakuna," akasema. "Nyinyi mlikuwa bado mnaitikisa."

Karatasi utakazokabidhiwa ndizo hizo alizovuka nazo.

Mungu akufikishe salama kwako, na wanao awavushe salama kila barabara.

Ni sisi,
Umoja wa Wapangaji wa Jengo la Nyuma.

Imesomwa kwako na katibu wa umoja, fundi cherehani.