Sauti Ifike Barabarani

TAIB: Haloo, duka la redio. Nani mwenzangu?

MAHFUDHA: Haloo? Haloo! Ni fundi Taib?

TAIB: Ndiye. Sema kwa nguvu, simu yakwaruza. Nani?

MAHFUDHA: Masalkheri.

TAIB: Masalkheri, bibi. U nani— Mahfudha?

MAHFUDHA: Mimi. Usinijulie hali, sina wakati. Niko harusini kwa kina Mwanakuu, hapa nyuma ya duka lako. Mashine yako ya sauti imekufa.

TAIB: Mashine yangu? Aliyekodi mashine ni Bimdogo—

MAHFUDHA: Aliyekodi ni Bimdogo. Anayeimba ni mimi.

TAIB: Hakuniambia.

MAHFUDHA: Angekwambia, ungeitoa?

[simu yakwaruza]

TAIB: Imekufaje?

MAHFUDHA: Nimeimba ubeti mmoja tu, ikakohoa, ikanyamaza. Sasa nafungua mdomo hata aliye kando yangu hanisikii kwa zogo. Na wale kina mama wa Mbaraki wamekaa pale na ngoma zao, wacheka wakipigana makofi. Wakianza wao, zamu yangu imekwenda, Taib. Hairudi.

TAIB: Si uimbe hivyo hivyo? Nyanya zetu waliimba bila umeme, na harusi zikapendeza.

MAHFUDHA: Waliimbia ndani. Mimi leo nataka nisikiwe hadi barabarani.

TAIB: Barabarani kuna wanaume, Mahfudha.

MAHFUDHA: Wana masikio na wana vidole. Asiyetaka azibe!

TAIB: Mimi nasema tu—

MAHFUDHA: Miaka yote niliyokaa kwako ulikuwa wasema tu. Nisiimbe ukumbini. Nisiimbe jikoni. Hata nikimbembeleza mtoto wa jirani, "Mahfudha, teremsha sauti." Sasa talaka ninayo, tena umeiandika kwa mkono wako. Wanikataza kama nani?

TAIB: Sijakukataza. Taa nyekundu ya mbele yawaka?

MAHFUDHA: Ngoja, simu iko hapa mlangoni na mashine iko kule ukumbini. Bimdogo! We Bimdogo! Taa nyekundu yawaka? … Yawaka.

TAIB: Basi umeme waingia. Nyuma kuna matundu. Achungulie zile taa za kioo za ndani, zina wekundu? Atazame tu, asiguse.

MAHFUDHA: Tazama nyuma, usiguse! … Asema zote zina wekundu kama makaa.

TAIB: Waya wa spika umekaza?

MAHFUDHA: Huo nimeukaza mwenyewe kabla sijakupigia. Taib, nikuulize na unijibu. Hapa hapana mkono wako?

TAIB: Mkono gani?

MAHFUDHA: Mchana kutwa mashine yasema. Nimeshika mimi tu, ikafa—

TAIB: Wallahi, Mahfudha! Mimi nitoe dukani kitu kibovu makusudi? Nitukane nilivyokuwa mume, nitanyamaza, nastahili. Ufundi wangu usiuguse!

MAHFUDHA: Haya, fundi. Tengeneza basi.

TAIB: Nakuja. Mnitilie pazia, nipite upande wa—

MAHFUDHA: Uje wapi? Watu wamevua mabuibui, mlango una komeo. Ukipanda ngazi hii utateremka kwa miko ya pilau. Nambie, nitafanya mimi.

TAIB: Wewe? Huo ni umeme, si chungu cha mchuzi.

MAHFUDHA: Chungu nimekipika kwako mpaka nikakichoka. Nambie!

TAIB: [ashusha pumzi] Haya. Chomoa waya wa maikrofoni pale unapoingia kwenye mashine. Sauti usiipunguze. Halafu shika pini, uiguse katikati ya kile kitundu ulichochomoa. Hapo hapo tu. Kwingine usithubutu, kutakuua.

MAHFUDHA: Ungefurahi.

TAIB: Mahfudha.

MAHFUDHA: Nakwenda, nakwenda. Usikate.

[mngurumo mkubwa, mayowe ya wanawake]

MAHFUDHA: Haloo! Umesikia? Imenguruma! Wale wa Mbaraki wameruka kama waliokalia siafu!

TAIB: Alhamdulillahi. Mashine nzima, na spika nzima. Ugonjwa uko kwenye waya wa maikrofoni. Sasa kile kichwa cha waya ulichochomoa kina skrubu. Kifungue. Una bisibisi?

MAHFUDHA: Nina kisu cha halua.

TAIB: Kifute kwanza.

MAHFUDHA: Bimdogo, niletee hapa huo waya na kisu … Njoo mbio! … Yafunguka. Imefunguka. Zimo nyaya mbili, zimeshika vizuri. Lakini mna maji.

TAIB: Maji? Yametoka wapi?

MAHFUDHA: Yanukia.

TAIB: Yanukia nini?

MAHFUDHA: Marashi.

TAIB: Marashi! Nani ametilia mashine marashi? Mtu mzima na akili zake! Ni bibi gani huyo mjinga asiyejua—

MAHFUDHA: Mamako.

[simu yakwaruza]

TAIB: Mama yuko huko?

MAHFUDHA: Bi Mejumaa kakaa mbele kabisa. Niliposimama niimbe, naye akasimama na mrashi wake. Akaninyunyizia mimi, akainyunyizia na maikrofoni, akashuka na waya mpaka kwenye mashine. Watu wote wamsikia asema, "Imba, mwanangu. Aliyekunyamazisha nilimzaa mimi, na leo nakufungua mimi."

TAIB: Alisema hivyo?

MAHFUDHA: Na machozi yalimtoka. Yangu pia. Basi, la mkono wako nilikusingizia. Limekwisha, tusilirudie.

TAIB: [akohoa] Izime kwanza. Zima kabisa. Kisha ufute hicho kichwa kwa kitambaa kikavu, kila pembe. Chetezo kipo?

MAHFUDHA: Umeona wapi harusi isiyo na chetezo?

TAIB: Basi kiinue juu ya lile joto, mbali kidogo, kama unayefukiza nguo. Kikauke, kisiungue.

MAHFUDHA: Bimdogo, zima! Lete chetezo! … Taib, wale wameinuka. Washika ngoma!

TAIB: Usiharakishe. Kikibaki na unyevu kitakufa tena.

MAHFUDHA: [kwa mbali] Kaeni! Kaeni chini, enyi wa Mbaraki! Zamu hii ni yangu na sijaimaliza! Atakayegonga ngoma nitakuja kumkalia juu yake!

TAIB: Mahfudha? Haloo? Haloo?

MAHFUDHA: Nipo. Wamekaa. Mamako kawasimamia na mrashi mkononi. Kimekauka, hata harufu haipo. Nafunga skrubu.

TAIB: Nyaya zisigusane ndani.

MAHFUDHA: Hazigusani. Bimdogo, chomeka! Haya, washa!

TAIB: Ingojeni ipate moto kwanza. Mwambie asubiri, asubiri … sasa aseme kitu.

[sauti ya mbali, kubwa, yatetema: "Moja, mbili! Aso hili ana lile!" Vigelegele]

MAHFUDHA: Imefufuka! Taib, imefufuka! Ahsante, fundi. Wallahi ahsante.

TAIB: Ahsante kwako. Mikono ilikuwa yako.

MAHFUDHA: Haya, waniita. Kwaheri—

TAIB: Mahfudha! Ngoja kidogo.

MAHFUDHA: Nini tena?

TAIB: Nafungua dirisha la nyuma la duka.

MAHFUDHA: Kwa nini? Duka lina joto?

TAIB: Nikusikilize.

MAHFUDHA: Wimbo wa kwanza ni wa bibi harusi. Wa pili ni wako, niliutunga nilipokuwa edani. Jina lako silitaji, lakini mji mzima utalijua. Hautakufurahisha.

TAIB: Najua.

MAHFUDHA: Basi dirisha usije ukalifunga katikati.

[simu yakatwa]